Ziara ya darasa la nne Bagamoyo: elfu 25, picha kibao, na mtoto aliyebaki kapigwa sifuri

Wakuu, wiki nzima najizuia nisiandike nikiwa na hasira. Hasira yenyewe haiishi, kwa hiyo naandika hivyo hivyo, mtanisamehe.

Mwanangu yuko darasa la nne, shule ya msingi ya serikali hapa hapa Dar. Jina la shule silitaji, mtoto bado anasoma pale. Mwezi uliopita ilikuja barua: ziara ya mafunzo Bagamoyo, shilingi 25,000 kila mwanafunzi, kwa ajili ya somo la Historia ya Tanzania na Maadili. Chini kabisa kwa maandishi madogo: "mchango ni wa hiari". Nikalipa siku ile ile. Mimi ni mmoja wa wazazi wanaoamini mtoto atolewe darasani akaone vitu kwa macho, asikaririshwe tu.

Na Bagamoyo si mahali pa kubeza. Kaole pale kuna magofu ya msikiti wa karne ya 13 na makaburi yenye nguzo za mawe. Kuna misheni ya mwaka 1868, na mbuyu wake uliomeza mnyororo mpaka kimebaki kipande kidogo tu kinaonekana. Ukimsimamisha mtoto wa miaka tisa mbele ya ule mbuyu, maswali utakayoulizwa utachoka wewe. Kuna habari ya Susi na Chuma, waliobeba maiti ya Livingstone kutoka huko ambako leo ni Zambia, kwa miguu, mpaka wakaifikisha Bagamoyo mwaka 1874. Kuna misafara ya pembe za ndovu na watumwa iliyoishia ufukweni pale pale. Mwalimu mwenye nia hahitaji hata kitabu.

Sasa mtoto karudi saa mbili usiku, macho mekundu. Namuuliza, umeona nini? "Tumeogelea." Na kingine? "Tumekula chipsi kuku." Magofu je? "Tulipiga picha halafu mwalimu akasema twendeni tumechelewa."

Nikaulizia kwa wazazi wengine, na watoto wao wanasimulia hayo hayo. Gari la kuondoka saa 12 asubuhi lilifika saa tatu. Mwongozaji wa pale Kaole hakuchukuliwa, "bajeti haikuruhusu". Watoto wakapangwa mistari mbele ya bango, wakapigwa picha, wakapakiwa tena. Misheni wameipita barabarani. Muda uliobaki wote, hoteli ya ufukweni, muziki mkubwa, na bwawa. Sina ugomvi na kuogelea. Andika kwenye barua kwamba tunaenda kuogelea, mzazi aamue. Usiniandikie Historia na Maadili.

Gari lenyewe Kosta mbili. Watoto wamekaa watatu watatu kwenye siti za wawili, wengine kwenye ndoo zilizogeuzwa katikati ya njia. Hiyo nimeiona kwenye picha walizotuma wao wenyewe, wala hawakuona aibu. Nchi hii tulizika wanafunzi 32, walimu wawili na dereva kwa siku moja kule Karatu, Mei 2017, basi la shule likiwapeleka watoto kwenye mtihani wa ujirani mwema. Tulilia taifa zima. Leo mtu mzima mwenye kitambulisho cha ualimu anampakia mtoto wangu kwenye ndoo, safari ya kilomita 70 kwenda na 70 kurudi, na anapiga picha anacheka.

Lakini kilichonifanya nifungue uzi ni hiki.

Si wote walilipa. Jirani yangu anauza vitumbua, baba wa mtoto hayupo, elfu 25 kwake ni mtaji. Binti yake alibaki shuleni na wenzake wasiolipa. Hawakufundishwa siku ile, walimu wa darasa walikuwa ziarani. Walifagia uwanja, wakamwagilia maua, wakakaa chini ya mwembe mpaka kengele. Jumatatu mwalimu akaandika ubaoni: INSHA. ZIARA YETU YA BAGAMOYO. Darasa zima, waliokwenda na wasiokwenda.

Jirani kaniletea daftari. Mtoto kaandika, kwa mwandiko mzuri tu, kwamba yeye hakwenda Bagamoyo. Kwamba walifagia majani ya mwembe wakayapanga marundo matatu, upepo ukaja ukayatawanya wakaanza upya, na kwamba waliokota visoda vingi wakavihesabu kwa makumi mpaka vikafika mia na kitu. Aya tatu, nukta na mikato mahali pake. Chini, kalamu nyekundu: 0/20. NJE YA MADA.

Mwanangu mimi kapata 16. Nimemsoma. Ameandika kuhusu mnara wa Livingstone ambao hajauona, maneno yale yale ya mwenzake wa dawati, kwa sababu mwalimu aliwaandikia vidokezo ubaoni. Yaani aliyesema alichokiona kwa macho yake kapewa sifuri, aliyenakili kapewa 16. Na somo lina neno Maadili kwenye jina lake!

Nilikwenda kumuona mwalimu wa darasa. Nilimsalimia kwa heshima zote, nikamuuliza kuhusu ile sifuri. Akanijibu, "Mzazi, kwani huyo ni mtoto wako?" Basi. Nikaenda kwa mkuu, nikaomba mchanganuo wa mapato na matumizi ya ziara. Akasema nisubiri kikao. Nikauliza kwenye kundi la wazazi la WhatsApp, ambako zilikuwa zimemwagwa picha zaidi ya mia za siku ile. Dakika kumi baadaye kundi limefungwa, wanaandika viongozi tu. Picha bado zinaingia mpaka leo.

Na hii tabia ya maonyesho haikuanza na Bagamoyo. Muhula uliopita waliagizwa kila mtoto alete mfano wa nyumba ya asili. Nilifikiri watatengeneza darasani kwa udongo na nyasi, waharibu, waanze tena, ndiyo kujifunza kwenyewe. Kumbe kijana wa steshenari pale getini anauza, elfu 5 msonge, elfu 7 tembe. Siku ya wazazi nimeikuta meza imejaa misonge, yote paa la makuti yaliyokatwa kwa mkasi mmoja, gundi ile ile, rangi ya kahawia ile ile, imebadilishwa karatasi ya jina tu. Afisa elimu kata anazunguka anapongeza. Wa kupongezwa alikuwa kijana wa steshenari.

Wakati huo huo Kijiji cha Makumbusho kiko pale Kijitonyama, nyumba za asili za makabila mbalimbali zimejengwa kwa ukubwa wake, mtoto anainama anaingia mlangoni, anaona mahali pa jiko na mahali pa mifugo. Kituo cha daladala kinaitwa Makumbusho, kondakta anakiita kutwa nzima. Kutoka shuleni kwetu ni nauli moja ya mwanafunzi. Darasa letu halijawahi kupelekwa. Nadhani hakuna bwawa.

Sisi tuliosoma miaka ya tisini mwalimu wetu wa hesabu alitutoa nje na fimbo ya mita, tukapima kivuli cha mlingoti wa bendera asubuhi, mchana na jioni, tukaandika. Hakuna aliyechanga hata senti, na hakuna aliyebaki darasani. Siku nyingine alitupeleka sokoni na daftari tuulize bei za nyanya, fungu na kilo, turudi tuzigawanye. Wamama wa soko walitufukuza wengine, ndiyo, lakini mpaka leo najua kugawanya.

NYONGEZA, baada ya kusoma maoni:

Mnaoniambia "hamishia mtoto binafsi", nimewasikia. Na wa muuza vitumbua nimhamishie wapi?

Mkuu uliyesema nawaonea walimu, darasa lina watoto zaidi ya mia na mwalimu mmoja: hilo kweli, na silipuuzi. Mimi watoto mia nisingeweza kuwavusha hata barabara. Ila ndiyo sababu ningetegemea wagawanywe makundi, waende karibu, wachache wachache, wazazi tujitolee kusindikiza. Nilijitolea. Nikaambiwa nafasi kwenye gari hakuna. Kumbe kweli hakukuwa na nafasi.

Anayesema suala la sifuri ni dogo, namwachia uhuru wake. Yule binti tangu siku ile anamwambia mama yake hapendi insha.

Ninachotaka ni vitu vitatu na nitavipeleka kwa maandishi: ile insha isahihishwe upya, mchanganuo wa fedha ubandikwe kwenye ubao wa matangazo, na ziara yoyote inayofanyika siku ya masomo iwe ya watoto wote au isiwepo. Mwenye uzoefu anisaidie: barua naanzia kamati ya shule, au naweza kwenda moja kwa moja kwa afisa elimu wa wilaya nikampa nakala afisa elimu kata? Na ikiwa kuna mjumbe wa kamati ya shule humu, mkuu, mna mamlaka ya kudai risiti za ziara au nanyi mnasubiri kikao kama mimi?