Naomba ushauri: mafunzo ya kumhudumia mgonjwa anayekohoa damu nyingi
Ndugu madaktari na wauguzi, nawasalimu. Katika hospitali yetu ya wilaya tunataka kuwazoeza madaktari wapya, kwa sanamu ya kufundishia, kumwokoa mgonjwa wa kifua kikuu anayekohoa damu nyingi ghafla, hali iliyo nadra lakini ambayo mara nyingi huua kwa kuziba njia ya hewa kabla damu haijapungua mwilini. Kumlaza kwa ubavu wa pafu linalovuja na kumwekea kooni mpira mpana wa kupumulia, wa namba 8, wanakujua kwa maneno. Mikono ndiyo haijazoea, hasa koo linapofurika na taa ya laringoskopu (kifaa cha kutazamia ndani ya koo) kufunikwa na damu. Naomba kujua: damu bandia ya wanga wa mahindi na rangi haitaziba mashine ya kufyonza? Na tuipitishe wapi ili ipande kutoka mapafuni mwa sanamu?