Mrejesho: gego la binti yangu halikung'olewa

Wadau, shikamooni wakubwa. Ni yule mama wa Makorora, Tanga, niliyeuliza kama gego la utoto la binti yangu wa miaka 5, lililotoboka, ni lazima ling'olewe. Mlinisisitiza nitafute daktari mwingine. Ahsanteni sana, mmeokoa jino.

Daktari huyu wa pili hakudonoa meno kwa ncha kali. Aliyasafisha, akayakausha kwa hewa, akayamulika. Jino likikauka, doa jeupe la mwanzo wa kuoza huonekana wazi. Doa hilo halina tundu bado na linaweza kudhibitiwa, kwa hiyo alilipaka vanishi ya floraidi tu (dawa ya kupaka yenye madini yanayoimarisha jino).

Kwenye gego lenye tundu alikwangua uozo laini kwa vifaa vya mkono, bila mashine wala sindano ya ganzi, akaziba kwa glasi ionoma, aina ya saruji ya kuzibia meno, ambayo hushikana na jino na kutoa floraidi. Njia hii ilianzia hapa hapa Tanzania miaka ya 1980! Kwa nini basi wazazi wengi tunaambiwa kung'oa tu? Inaniuma.

Iliwezekana kwa sababu uozo haukufika kwenye kiini, sehemu ya ndani ya jino yenye mishipa ya fahamu. Mtoto mwenye jipu au maumivu ya usiku anahitaji tiba nyingine.

Dada uliyeuliza kama dawa ya kupaka yenye madini ya fedha na floraidi huzuia kuoza: ni kweli, huzuia uozo usiendelee lakini sehemu iliyooza inabaki nyeusi. Shirika la Afya Duniani (WHO) liliiweka kwenye orodha ya dawa muhimu mwaka 2021. Kwa magego mimi ningekubali.

Visheti sasa ni baada ya mlo, si kutwa nzima.