Vitabu vinapungua, kurasa zinanyofolewa, majalada hayaonekani: tuanze na kamera au na hesabu?

Shelfu_Dodoma:
Habari wakuu. Maktaba ya chuo cha umma hapa Dodoma mjini ina vitabu kama 9,000 kwenye ukumbi mmoja wa wazi, na pembeni chumba kidogo cha nyaraka: majalada ya wilaya ya miaka ya 1950 na 1960, ramani 60 hivi, na magazeti ya zamani yaliyojalidiwa. Madirisha yana nondo, mlinzi yupo mmoja. Tunatumia Koha, programu ya kompyuta ya kuendeshea maktaba, na vitabu vyote vina misimbopau (barcode), ila hesabu kamili haijafanyika kwa miaka. Vitabu vya sheria na uhasibu vimechanwa kurasa kwa wembe, na majalada mawili hayaonekani. Uongozi umetenga fedha za kamera nane na geti la kupiga kengele. Je, hicho ndicho cha kuanza nacho? Na nyaraka za zamani tunazilindaje bila kuwafungia mlango watafiti?

Katalogi_Kati:
Mkuu, hesabu kwanza. Asiyejua alichonacho hawezi kusema kimeibiwa nini, na kamera haitamsaidia.

Kwenye Koha kuna kipengele cha hesabu ya rafu. Chagua kipande kidogo cha namba za mpangilio, mfano 340 hadi 349 ambako ndiko sheria iliko. Piga misimbopau ya kila kitabu kilichopo rafuni, hifadhi orodha kama faili la maandishi matupu, namba moja kila mstari, kisha lipakie. Mfumo utalinganisha na kumbukumbu zake na kukutolea visivyoonekana na vilivyo mahali pasipo pake. Usisahau kuruka vilivyoazimwa, la sivyo utapata orodha ndefu ya "vilivyopotea" ambavyo viko mabwenini kihalali.

Watu wawili, mmoja anavuta vitabu na mwingine anapiga msimbo, wakienda vitabu 300 kwa saa, hiyo 9,000 ni saa 30. Wiki moja ya likizo inatosha. Msifanye wakati wa mitihani, maana hapo wanafunzi huficha vitabu nyuma ya vingine au kwenye rafu ya somo lisilosomwa ili wavikute kesho.

Kisichoonekana usikifute. Kiwekee alama ya "hakionekani", kitafute tena baada ya wiki mbili, kisha mwisho wa muhula. Kikikosekana mara ya tatu ndipo uandike kimepotea. Kumbukumbu iliyofutwa ni ushahidi uliofutwa. Kitabu kikija kuonekana kwa muuza vitabu vya mitumba, ni ile rekodi na namba yako ya usajili itakayokirudisha.

Fundi_Mitambo_DOM:
Naongezea upande wa vifaa, maana fedha imeshatengwa na inaweza kwenda vibaya.

Geti hunasa kipande chembamba cha sumaku kilichobandikwa ndani ya kitabu. Kibandikwe kati ya kurasa mbili, ndani kabisa kwenye mshono. Kikiwa kwenye jalada la nyuma kinabanduliwa kwa ukucha. Geti likisimikwa karibu na rafu za chuma, mlango wa chuma au waya mkubwa wa umeme, litalia ovyo. Likilia bure siku tatu mfululizo, mhudumu ataacha kunyanyua kichwa, na hapo mmenunua pambo. Tena halina habari na kurasa zilizochanwa: mtu akikata kurasa 20 na kuacha kitabu mezani anapita kimya.

Kwenye kamera, pigeni hesabu ya diski kabla ya kusaini. Kamera moja ikirekodi kwa megabiti 2 kwa sekunde hula takribani gigabaiti 21.6 kwa siku. Nane ni kama 173. Diski ya terabaiti 2 inajaa chini ya siku 12, kisha inaanza kujiandika upya, wakati wizi wa kitabu mara nyingi hugunduliwa mwezi wa pili au wa tatu. Afadhali kamera nne, mbili zikitazama meza kutoka juu ili zione mikono na karatasi, zenye diski ya siku 60 na betri ya kuzibeba umeme ukikatika. Kamera inayoonyesha visogo vya watu haina faida. Na kinasa picha chenyewe kifungiwe kwenye kabati la chuma chumba kingine, kwa sababu mwizi mwenye akili huondoka nacho.

Katalogi_Kati:
Hapo kwenye wembe: mwanafunzi anachana sura ya kitabu kwa sababu nakala ni moja, darasa lina watu 80, na kopi ni ya kulipia au mashine ni mbovu. Vitabu 30 hadi 40 vinavyochanwa sana viwekeni nyuma ya kaunta, viazimwe kwa saa mbili kwa kuacha kitambulisho, na waruhusuni wapige picha kwa simu kwa matumizi yao ya kusoma. Kikirudi, mhudumu apitishe kidole kwenye mshono. Ukurasa uliokatwa huacha kisiki chembamba kinachosikika kidoleni hata kama jicho halikioni.

Mhuri upigwe ukurasa wa jina la kitabu na kwenye ukurasa mmoja wa siri mliokubaliana, ule ule kwa vitabu vyote. Vinavyoondolewa rasmi vipigwe IMEONDOLEWA juu ya mhuri wa zamani. Bila hivyo kila mwizi atasema alikinunua kwenye mnada wa maktaba.

Nyaraka_Kongwe:
Nijibu chumba cha nyaraka, maana ndicho kinachonitia wasiwasi zaidi. Kitabu cha sheria kitanunuliwa kingine. Jalada la mwaka 1956 ni moja duniani.

Mtafiti asiingie rafuni kabisa. Aketi meza moja inayoonekana kutoka kwa mhudumu. Begi, koti na chupa ya maji vibaki kwenye kabati la nje. Awe na penseli, karatasi na simu isiyowasha mwanga. Apewe jalada moja kwa wakati, alirudishe ndipo apate jingine. Akipewa matano kwa pamoja hakuna atakayejua folio (karatasi ya ndani ya jalada) ipi imehamia wapi, na hata asipoiba atawachanganyieni.

Pale jalada lilipotoka iwekwe kadi ngumu inayochomoza: namba ya jalada, jina la aliyechukua, tarehe, sahihi. Rafu iliyo na pengo tupu haisemi kitu. Yenye kadi inasema nani aulizwe. Kadi iwahusu pia watumishi na wakubwa wa ofisi, kwa sababu majalada mengi yanayoitwa "yamepotea" yako kwenye droo ya afisa aliyehamishwa.

Kila folio ipewe namba kwa penseli ya HB, kona ya juu kulia, na idadi iandikwe ndani ya jalada: "folio 1–143, hakuna 87". Kazi inachosha, lakini bila namba huna jalada, una rundo la karatasi.

Kuna na mzani. Karatasi ya A4 ya gramu 80 ina uzito wa gramu 5 hivi. Mzani wa jikoni unaosoma gramu moja, wa kubeba kilo 5, unanasa hata karatasi moja ikitoka. Pima wakati wa kukabidhi na mara tu linaporudi, mzani ule ule, mbele ya msomaji. Usilinganishe na uzito wa mwezi uliopita: karatasi hunywa unyevu, na jalada la kilo moja likipimwa Februari mvua ikinyesha halitalingana na lilivyokuwa Septemba kwenye ukavu wa huku kwetu. Zile nakala nyepesi za taipureta, zile zinazoonyesha upande wa pili, hazifiki gramu 2, kwa hiyo mzani unaweza kuzikosa. Na mtu anaweza kuchopeka karatasi tupu. Mzani ni wa kushtua tu. Kuhesabu folio kuko pale pale.

Ramani nazo ziandikwe moja moja, hata zilizo ndani ya atlasi, kila moja na picha yake yenye rula pembeni. Juni 2005 pale maktaba ya Beinecke, Chuo Kikuu cha Yale, Marekani, mhudumu aliona wembe umedondoka sakafuni. Mwenye wembe, mfanyabiashara wa ramani Forbes Smiley, baadaye alikiri kuiba ramani 97 kutoka maktaba mbalimbali. Doa, mkunjo, tundu la mdudu: hivyo ndivyo vinavyothibitisha kuwa nakala ni yako wala si ya jirani.

Masjala_ya_Wazi:
Hakuna aliyegusia suala la funguo. Maktaba ya Carnegie ya Pittsburgh, Marekani, ilipohesabu vitabu vyake adimu mwaka 2017 kwa ajili ya bima, ilikuta imeibiwa kwa zaidi ya miaka 20, na mwizi alikuwa mtunzaji wa chumba chenyewe. Kwa hiyo chumba cha nyaraka kiwe na makufuli mawili, funguo kwa watu wawili tofauti, na daftari la kuingia na kutoka. Mtumishi akihama, kufuli libadilishwe siku ile ile. Anayepokea vitabu vipya asiwe yeye anayevisajili.

Na tazameni mlango wa nyuma. Karatasi za ofisi zinazoitwa taka huishia kufungia karanga sokoni. Kumbukumbu za umma haziteketezwi wala kuuzwa kienyeji: Sheria ya Kumbukumbu na Nyaraka Na. 3 ya mwaka 2002 inataka kibali cha Idara ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa.

Shelfu_Dodoma:
Asanteni sana wakuu, tunaanza na rafu ya 340. Yale majalada mawili je, tusubiri hesabu iishe ndipo turipoti?

Nyaraka_Kongwe:
Msisubiri. Leo andikeni kwa mkuu wa chuo: namba za majalada, vichwa vyake, tarehe ya mwisho kuonekana na aliyesaini mwisho. Tafuteni siku mbili: droo za maofisa, masjala ya siri, nyuma na chini ya kabati, na ndani ya majalada yenye namba zinazofanana, maana 2/17 huingia kirahisi ndani ya 2/71. Yasipoonekana, nendeni polisi mkachukue RB (namba ya taarifa yenu kwenye kitabu cha polisi), na Idara ya Nyaraka ipewe nakala. Rejesta ya waliosoma chumba hicho iondoeni kaunta leo leo, ifungiwe.