Mnachukua hela za watoto halafu mnawachumisha machungwa yaliyopigwa dawa juzi!

Wakuu, nimekaa na jambo hili siku nne nikitafuta namna ya kulisema kwa upole. Nimeshindwa.

Jumamosi iliyopita niliwachukua watoto wanne, wawili wangu na wawili wa dada yangu, kutoka Tanga mjini kwenda Muheza kuchuma machungwa. Likizo hii wanashinda kwenye simu tu, na mimi likizo zangu za Juni zote zilipita juu ya michungwa ya bibi hukohuko Muheza. Nilitaka na wao wajue kwamba chungwa la kijani linaweza kuwa limeiva na likawa tamu kuliko la njano. Shamba linatangaza kabisa kwamba linapokea familia. Kila kichwa elfu kumi, gunia unalilipia mbali. Nikalipa bila kubisha.

Watoto walifurahi, siwezi kudanganya. Yule mdogo, ana miaka sita, alikuwa anatoboa chungwa kwa meno, ananyonya, anatupa, anachuma jingine. Kama nusu saa hivi. Mpaka mkubwa wake akaniuliza, "Mama, mbona haya yana madoa meupe?"

Pembeni kulikuwa na mzee anapalilia. Nikamwamkia, nikamuuliza. "Hiyo dawa, mwanangu. Tumepiga juzi, inzi wa matunda wamezidi." Akashangaa kwamba getini hatukuambiwa. Huyo mzee simlaumu hata kidogo, ndiye pekee aliyeniambia ukweli siku ile.

Na hapo ndipo nikakumbuka kitu ambacho nilipaswa kukiona tangu mwanzo. Kwa bibi hukupanda mchungwa bila kuumwa na wadudu waitwao maji moto. Wale chungu wamejaa kwenye majani, wanashona viota vyao, na ndio wanaowinda wadudu waharibifu. Shamba hili watoto wamepanda miti mitano, sita, hakuna aliyelia. Nikaona raha! Kumbe miti imepigwa dawa hadi walinzi wake wamekwisha.

Nikaenda kwa msimamizi. Jibu lake: "Dada, si mnaosha tu."

Kuosha kwa maji? Kuna viuatilifu vinavyopenya ndani ya tunda, hivyo maji hayavitoi. Na mtoto wa miaka sita, mwenye kilo kumi na kitu, unamlinganishaje na mimi? Kila dawa ina lebo inayosema usubiri siku ngapi baada ya kupulizia ndipo uvune. Chini ya lebo kuna utepe wa rangi, nyekundu ikiwa ni sumu kali. Anayepulizia shamba anajua haya au anatakiwa kuyajua. Kwa nini basi asifunge geti siku hizo? Kwa nini asiweke hata kibao kilichoandikwa kwa mkaa, "Upande huu umepigwa dawa"? Na hao inzi wana njia nyingine: mitego, na kuokota machungwa yaliyoanguka na kuyafukia. Chini ya miti ile yalikuwa yameoza yamejaa tele.

Usiku mdogo akatapika mara tatu. Sisemi ni dawa, sina ushahidi, labda ni machungwa mengi na jua. Lakini tulipofika hospitali daktari aliuliza swali moja la kwanza: "Dawa gani ilipigwa?" Nikapiga simu shambani saa nne usiku, mtoto yuko mapajani. Msimamizi akasema hiyo ni siri ya shamba. Siri! Nikamwambia daktari anahitaji jina tu, asome kwenye chupa. Akakata. Nilipopiga tena haikupokelewa, na hadi leo haipokelewi.

Mtoto anaendelea vizuri, nashukuru Mungu. Kesho naandika barua kwa Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu, na nakala kwa afisa kilimo wa wilaya. Kama kuna mdau humu anajua utaratibu wa kupima mabaki ya dawa kwenye matunda, nielekezeni, maana gunia zima bado liko barazani nimelifunga. Dada ameniambia nilitupe. Nilitupe wapi, na mtaa mzima una kuku na mbuzi?