Safu ya milima kwenye ramani ya bara la kubuni inafanana na msumeno: nianzie wapi?

Kalamu_Butu

Wakuu, salaam. Kwa miezi mitatu sasa ninachora ramani ya bara la kubuni kwa ajili ya hadithi ndefu ninayoiandika. Pwani, visiwa na mipaka ya falme vimekaa vizuri. Kinachonishinda ni milima. Nilichora safu moja katikati ya bara, kutoka kaskazini hadi kusini, yenye vilele sitini na kitu vya umbo moja na kimo kimoja, vimesimama bega kwa bega. Nilipoinua karatasi na kuitazama kwa mbali, niliona msumeno uliolazwa mezani. Nimefuta na kuchora upya mara nyingi hadi karatasi imeota manyoya mahali pale. Kisha nikajaribu kinyume chake, nikaitawanya milima huku na kule, na bara likawa kama ngozi iliyotokwa na vipele. Karatasi ina upana wa sentimeta 40, na bara lina upana wa kilomita 4,000. Ninatumia penseli na kalamu ya wino, si programu ya kompyuta. Mnaanzia wapi ili safu ionekane imejiotea yenyewe?

Mgongo_wa_Bara

Ndugu, umeanza na vilele, ilhali kilele ndicho kitu cha mwisho kuchorwa. Jiulize kwanza ni nini kilichoiinua milima hiyo. Katika dunia yetu, ganda la nje limegawanyika katika mabamba yanayosogea sentimeta chache tu kwa mwaka, na safu ndefu huinuka pale mabamba mawili yanapokabana. Andes inaufuata ukingo wa magharibi wa Amerika Kusini kwa takribani kilomita 7,000 kwa sababu upande huo bamba la Nazca, lililo chini ya bahari, linazama chini ya bara. Himalaya nayo ilianza kuinuka takribani miaka milioni 50 iliyopita, India ilipogongana na Asia, na hata leo umbo lake ni la upinde uliotunia kusini, upande ule ule uliotoka msukumo. Tazama hilo kwenye ramani yoyote ya dunia: safu kubwa hupinda, hunenepa mahali fulani na kukonda mahali pengine. Andes yenyewe ni pana zaidi karibu na Bolivia, ambako imegawanyika katika matuta mawili na kuacha katikati uwanda wa juu ulio karibu mita 3,800 juu ya usawa wa bahari.

Hata hivyo, safu yako ya katikati ya bara si kosa, na nisingependa uifute. Safu ya Ural, huko Urusi, hupita kaskazini hadi kusini ndani kabisa ya nchi kavu, na imenyooka kuliko safu nyingi, kwa kuwa ni kovu la mahali ambapo mabara mawili ya kale yaliungana. Lakini kovu hilo lina zaidi ya miaka milioni 250, na mmomonyoko umeliparuza kiasi kwamba hata Narodnaya, kilele chake kirefu kuliko vyote, hakifiki mita 1,900. Basi chagua. Ukitaka milima ya katikati ibaki pale pale, ifanye mizee: migongo ya mviringo, vilele vichache, mapengo mapana ambayo misafara inaweza kupita. Ukitaka theluji na majabali makali, sogeza safu nyingine karibu na pwani mojawapo. Hadithi yenye safu mbili za umri tofauti ina mengi ya kusimulia.

Mlima wa kusimama peke yake pia unaruhusiwa, mradi uwe na sababu. Kilimanjaro, wenye mita 5,895, hauna safu kwa sababu ni volkeno. Viwili au vitatu vya namna hiyo vinatosha kwa bara zima. Kuanzia hapo vipele vinarudi.

Wino_Mweusi

Yote hayo ni kweli, ila mtazamaji haoni mabamba, anaona wino. Mimi nimewahi kutumia majuma mawili kupanga mabamba ya dunia yangu, kisha nikayafunika kwa pembetatu zilizopangana kama vigae. Kwa hiyo niruhusuni nizungumzie mkono.

Kwanza, skeli. Kwa vipimo vyako sentimeta moja ni kilomita 100. Everest, wenye mita 8,849, ungechorwa kwa kimo chake halisi usingefika milimita moja. Maana yake ni kwamba kila alama unayochora si mlima mmoja, bali ni kundi la milima, na huna wajibu wa kuhesabu vilele. Ukilikubali hilo, mkono unalegea.

Sasa chukua penseli laini, uchore mstari mmoja tu kufuata katikati ya safu, unaopindapinda bila mapindo yake kulingana. Huo ndio uti wa mgongo. Kutoka hapo teremsha mbavu kwenda pande zote mbili, lakini zisitoke kwa jozi kama miiba ya samaki: huku zitoke mbili fupi, kule itoke moja ndefu inayogawanyika tena kabla ya kufika tambarare. Ubavu uinamie upande unaoteremkia, usikae wima juu ya mgongo. Nafasi iliyo kati ya mbavu mbili ni bonde. Ukimaliza hatua hii, safu inapaswa kuonekana hai hata kabla ya kilele cha kwanza.

Vilele viweke pale mbavu zinapokutana na mgongo, si kila mahali. Kimoja kiwe kirefu, cha pili kijifiche nusu nyuma ya bega lake, cha tatu kiwe kigongo tu kisicho na ncha. Unapotia wino, anza na vile vya kusini, yaani vya mbele, ili mistari ya vile vya nyuma iishie kwenye mabega yao. Ukianza nyuma utajikuta unakwangua wino, nami sijui karatasi yako yenye manyoya itavumilia nini.

Kuhusu kivuli, mazoea ya wachora ramani ni kuchukulia kwamba mwanga unatoka kaskazini-magharibi. Ramani ya Uswisi ya Dufour, iliyochapishwa kati ya 1845 na 1865, imechorwa hivyo. Kwako hiyo ina maana kwamba upande wa kushoto unaachwa mweupe, na upande wa kulia unapata mistari inayoteremka kama maji yatakavyoteremka. Lehmann, afisa wa jeshi wa Saksonia, alieleza mwaka 1799 kanuni ambayo bado inafaa: mteremko ukiwa mkali, mistari inanenepa. Usiizungushie safu mstari wa mpaka chini. Iache ififie katika vilima vidogo visivyopangika.

Kalamu_Butu

Nawashukuru nyote. Nimehamia karatasi mpya. Nimechora uti wa mgongo karibu na pwani ya magharibi, nikaishusha ile ya katikati kuwa safu nzee, na kwa mara ya kwanza mke wangu amepita akauliza «hiyo ni nchi gani?» badala ya kucheka. Limebaki swali moja: mito niichore kabla ya milima au baada?

Mgongo_wa_Bara

Baada ya mbavu, kabla ya wino. Mabonde umeshayachora, kwa hiyo mito ina pa kuanzia. Vijito huungana kadiri vinavyoshuka, havigawanyiki, isipokuwa kwenye delta. Kumbuka pia kwamba mgongo ukiwa karibu na pwani moja, mto mkuu huelekea pwani nyingine: chanzo cha Amazon kiko chini ya kilomita 200 kutoka Pasifiki, lakini maji yake huvuka bara lote hadi Atlantiki. Upande unaopigwa na upepo wa bahari upe mito mingi na misitu. Nyuma ya milima pawe pakavu, kama Tibet ilivyo nyuma ya Himalaya.

Mto mmoja unaweza kuipasua safu. Brahmaputra huanzia kaskazini ya Himalaya, hutiririka kuelekea mashariki, kisha hukata kona kupitia korongo refu karibu na mlima wa Namcha Barwa. Lakini korongo hilo lichore kwa makusudi. Kabla ya wino, fuata kila mto kwa ncha ya penseli kutoka baharini hadi kwenye chanzo, uone kama kuna mahali unapokata mgongo bila idhini yako.

Kalamu_Butu

Nimeifuata yote kumi na mmoja. Miwili ilikuwa inapanda mlima, nimeifuta. Wa tatu pia unaipasua safu, lakini huo nimeuacha, na mji mkuu nimeuhamishia kwenye mlango wa korongo lake.