Mama mkwe ana mafaili matatu kliniki moja kwa sababu ya herufi ፀ. Watengeneza mifumo, mtatuulia wazee!

Wakuu, naandika nikiwa bado natetemeka.

Niko Addis Ababa, nimeoa huku. Jana nimempeleka mama mkwe kwenye kliniki binafsi anakotibiwa sukari. Ana kidonda mguuni, daktari akaanza kumwandikia dawa ya jamii ya penisilini. Mama akamkatiza: "Mwanangu, hiyo dawa na mimi hatupatani, mwaka jana nilivimba uso, niliwaambia." Daktari akatugeuzia kioo cha kompyuta. Sehemu ya mzio iko tupu.

Nikarudi mapokezi, nikawabana watafute upya. Yakatoka mafaili matatu, yote ya mama huyo huyo, simu ile ile, mtaa ule ule. Mzio wake umeandikwa kwenye moja, vipimo vya sukari viko kwenye lingine, na daktari alikuwa anasoma la tatu.

Jina lake ni Tsehay, maana yake jua. Mhudumu wa kwanza aliandika ፀሐይ. Wa pili akaandika ጸሐይ, mfumo ukamjibu hayumo, akafungua faili jipya. Wa tatu ጸሀይ, hayumo tena, faili jipya. Na hakuna aliyekosea! Kwa Kiamhari ፀ na ጸ zinasomwa sawasawa, na "ha" ina herufi ሀ, ሐ na ኀ, tena kila moja ina umbo lake la nne (herufi hubadilika umbo kufuata irabu, maumbo saba), ሃ, ሓ, ኃ, ambalo nalo husomwa "ha". Pigeni hesabu: mara mbili kwa sita, tahajia 12 za jina la herufi tatu. Mtu yeyote wa Addis akiziona zote atasoma Tsehay bila kusita.

Kompyuta haisomi, inalinganisha namba. Kwenye Unicode, ile orodha ya dunia inayoipa kila herufi namba yake, ፀ ni namba 4928, ጸ ni 4920. Kwake hao ni watu wawili, kama Juma na Mwajuma.

Na msinichanganye hapa, silaumu Unicode. Walizitenga herufi hizi tangu 1999 na walifanya sawa kabisa. Kwenye Ge'ez, lugha ya kale ya Ethiopia, zilikuwa sauti tofauti, na jirani zao wa Kitigrinya mpaka leo wanatofautisha ሀ na ሐ. Ukiziunganisha kwenye msimbo umewaharibia lugha wenzako. Kazi ya kujua kwamba kwa Kiamhari hizi ni ndugu ni ya anayetengeneza mfumo wa kutafuta majina. Yeye ndiye aliyelipwa!

Kazi yenyewe si ya miezi. Jina liache lilivyoandikwa. Pembeni weka nakala ya kutafutia, ambayo ፀ imegeuzwa ጸ, ሠ imegeuzwa ሰ, ዐ imegeuzwa አ (nazo ni ndugu wa sauti moja), na zile "ha" zote zimekuwa ሀ. Neno linalotafutwa nalo lipitishwe humo humo. Herufi zimepangwa kwa safu za nafasi nane nane, kwa hiyo kwa yale maumbo saba ya ፀ unatoa 8 tu na unaangukia kwenye ndugu yake wa ጸ. Kutoa nane! Mtoto wa darasa la pili anaweza.

Sasa sikieni kilichonipandisha hasira zaidi. Kijana wao wa kompyuta aliitwa, akatazama, akasema, "Tatizo ni hizi herufi zenu ni nyingi. Andikeni jina kwa Kilatini." Mbele ya mama wa miaka sabini na mbili, ndani ya nchi yake! Kisha nikamwambia haya, andika kwa Kilatini. Akaandika Tsehay. Mhudumu akasema kitambulisho kinasema Tsehaye. Mke wangu akasema kwenye hati ya nyumba ni Tsehai. Kijana akanyamaza.

Sisi Waswahili tunalijua hili. Nani hana shangazi ambaye ni Khadija kwenye cheti, Hadija kwenye kadi ya kliniki na Khadija tena benki? Tumesumbuliwa kwa hilo miaka yote, na herufi zetu ni zile zile za Kilatini ambazo huyu kijana anadhani ni dawa.

Wakamwomba mama achague tahajia moja, aahidi kuitumia siku zote. Akawajibu kwamba baba yake alimwandikia ፀሐይ, na yeye anaandika ፀሐይ, ila mapokezi hawampi kalamu, wanaandika wao.

Jumatatu narudi pale na karatasi za mafaili yote matatu. Hatutoki mpaka yawe faili moja na mzio uonekane ukurasa wa kwanza. Kama kuna mtu humu anatengeneza mifumo ya hospitali na wateja wake wapo Ethiopia, leo hii tafuta ፀሐይ halafu utafute ጸሀይ, uone kama unapata mtu mmoja.