Muscat mwezi wa saba, siku kumi, begi la kilo 7: nibebe nguo gani?

Mkazi wa Uyole
Wakuu, habari za jioni. Mimi na mke wangu tunatoka Mbeya kwenda Muscat katikati ya Julai. Siku tano nina vikao, zilizobaki ni matembezi, Msikiti Mkuu wa Sultan Qaboos ukiwemo. Kila mmoja ana begi la mkononi la kilo 7 tu. Kabati letu limejaa jinzi na masweta. Tuache nini?

Fundi Cherehani
Jinzi acha zote, mkuu. Moja ina karibu gramu 700, na ikilowa jasho inashinda na unyevu kutwa. Muscat wakati huo mchana ni kama nyuzi 40, usiku mara nyingi haishuki chini ya 30, na bahari iko pale pale. Hewa ikishiba maji jasho halikauki mwilini, kwa hiyo kinachokusaidia ni nguo pana inayopitisha hewa. Shati jembamba la kubana litakutesa kuliko pana lenye kitambaa kizito kidogo.

Chukua mashati manne ya pamba au kitani (moja la safarini), kadeti mbili nyepesi, fulana tatu, boksa tano, soksi za pamba jozi nne. Kitani hujikunja vibaya, basi kwenye vikao vaa pamba. Rangi ya kijivu na bluu ya mpauko huonyesha kila tone la jasho. Nyeupe na bluu iliyokoza zinaficha.

Usimwamini muuzaji anayesema "pamba tupu". Mengi ni mchanganyiko, poliesta 65 kwa pamba 35. Chomoa uzi kwenye pindo uuchome: pamba huacha jivu laini na harufu ya karatasi, poliesta huyeyuka na kuganda kama shanga ngumu.

Mama Ubani
Kwa shemeji: madera mawili ya pamba, suruali pana moja, blauzi tatu za mikono mirefu, mitandio miwili. Asivae skin taiti chini ya dera, harara itamtoka mapajani siku ya pili. Bukta nyepesi ya pamba inayofika karibu na goti inatosha, na vaselini kidogo pale mapaja yanaposuguana, apake kabla ya kutoka, si baada ya kuchubuka.

Msikitini mwanamke afunike nywele, mikono mpaka viganjani na miguu mpaka vifundoni. Mtandio unaoonyesha nywele hautakubaliwa. Mwanamume suruali ndefu. Kama si Waislamu, mwende asubuhi, saa 2 hadi saa 5, na si Ijumaa.

Kijana wa Ruwi
Fundi kasema vizuri ila sweta moja jepesi beba, na ulivae kwenye ndege lisile kilo zako. Ofisi na maduka makubwa ya huku AC zake zina baridi ya Makambako. Ukitoka na shati bichi ukakaa chini ya AC saa mbili, utajua.

Kufua: usianike nguo barazani usiku, asubuhi utazikuta mbichi na zimeanza kunuka uvundo. Fua jioni, kamua, zungushia taulo kavu ulikanyage kwa miguu, kisha tundika kwenye hanga chumbani AC ikiwaka. AC inanyonya unyevu hewani, kwa hiyo shati la pamba asubuhi linavalika. Viatu jozi mbili, upishanishe siku.

Mkazi wa Uyole
Asanteni sana. Nilisahau: siku mbili za mwisho tuko Salalah, kusini mwa Oman.

Kijana wa Ruwi
Hapo mambo yanageuka, mkuu. Juni mpaka Septemba Salalah ni msimu wa khareef: ukungu, manyunyu, nyuzi 25 hivi. Kila mmoja aongeze koti jepesi la mvua na viatu vyenye soli isiyoteleza, maana milimani kunakuwa tope. Nguo zote mfue na kuzikausha Muscat kabla ya kuondoka. Kule hata soksi zinachukua siku mbili.